Watu walewale, timu mbili, matokeo tofauti: hali ya ndani ya timu na ubunifu wa bidhaa za teknolojia

#1 MfumaMsimbo (mwenye uzi)

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimetembea nalo kwa miaka kadhaa.

Nimewahi kufanya kazi katika timu mbili za kutengeneza programu za simu. Ya kwanza tulikuwa 7. Ilipovunjwa, 4 kati yetu tulihamia pamoja kwenye timu ya pili. Kwa hiyo vichwa vingi vilikuwa vilevile, lugha ya kuandikia programu ileile, hata bidhaa zenyewe zilikaribiana. Timu ya kwanza ilikaa mwaka mzima bila kutoa kitu kipya ambacho mtumiaji angekikumbuka. Ya pili ilijaribu mambo mengi ndani ya miezi michache. Mengi tuliyatupa wenyewe, lakini mawili yakashika, mpaka watumiaji wakawa wanatuandikia kuuliza toleo linalofuata linatoka lini.

Nimejiuliza sana tofauti ilikuwa nini. Vipaji haviwezi kuwa sababu, maana vipaji ni sisi wenyewe. Mishahara haikupanda. Jibu nililofikia ni kwamba timu hizi zilitofautiana katika njia ambayo habari mbaya ilipita, kutoka kwa aliyeiona hadi kwa mwenye uamuzi.

Katika timu ya kwanza kulikuwa na dada mmoja, mpimaji wa programu, mwenye jicho kali kuliko sote. Aligundua mapema kwamba mtandao ukikatika katikati ya kutuma taarifa, sehemu ya taarifa inapotea na mtumiaji haambiwi kitu. Alilisema kikaoni. Kiongozi akamuuliza mbele ya wote: “Umeleta tatizo au umeleta suluhisho?” Dada akanyamaza. Hakulisema tena. Mimi nilikuwa nimeona dalili za jambo hilohilo upande wangu, na nikanyamaza pia. Miezi mitatu baadaye watumiaji ndio waliotuambia, na kwa hasira. Tukatumia muda wote uliobaki kuziba matundu.

Kauli ile ya “usilete tatizo bila suluhisho” husifiwa sana kama dalili ya uwajibikaji. Tazameni inachofanya. Mwenye jicho la kuona kasoro si lazima awe na mkono wa kuirekebisha. Ukikataza tatizo lisilo na suluhisho, umeyafungia nje matatizo yote magumu na kubakiza madogo ambayo mtu mmoja anayamaliza peke yake. Na kitu kipya karibu kila mara kimejificha ndani ya yale magumu.

Kwenye timu ya pili kulikuwa na ukurasa mmoja wa pamoja ulioitwa “Yanayotutia wasiwasi”. Ruhusa moja tu: andika, hata kama hujui la kufanya. Kikao cha kwanza cha wiki kilianzia hapo, kabla ya ratiba, kabla ya takwimu. Yule dada (alihama nasi) aliandika mstari kwamba watu wanafungua programu yetu, wanaganda sekunde kadhaa, kisha wanatoka. Hakuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa mchoraji wa kurasa, siku nne baadaye, na ndilo likawa moja ya yale mawili yaliyoshika.

Sasa nitoke kwenye ya kwangu. Chukueni Nokia. Mwaka 2004 ilishatangaza simu ya skrini ya kugusa, 7710. iPhone ilipokuja mwaka 2007, Nokia ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa mauzo ya simu, ikiwa na wahandisi wa kila aina. Kufikia 2014 biashara yake ya simu ilikuwa imehamia mikononi mwa Microsoft. Watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, walihoji watu 76, wengi wao mameneja na wahandisi waliokuwemo, na mwaka 2016 wakachapisha walichokikuta: hofu za aina mbili zilizoshindwa kukutana. Wakubwa waliogopa washindani na wenye hisa, wakawa wanasukuma ahadi na tarehe. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa, wakawa wanapeleka juu habari tamu kuhusu Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu zao. Wakubwa wakaamua kwa kutegemea habari tamu. Ujuzi wa kujua kwamba mfumo umechoka ulikuwemo ndani ya jengo, haukupanda ngazi.

Kuna utafiti mwingine ambao ulinibadilisha zaidi ya huo. Amy Edmondson, miaka ya 1990, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu zilizoelewana vizuri zilionyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba, akagundua kwamba hazikukosea zaidi bali zilisema zaidi. Zile nyingine zilificha. Mwaka 1999 alichapisha utafiti wa timu 51 za kiwandani na kulieleza jambo hili kwa jina linalotumika hadi leo, usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya pamoja kwamba mtu hataaibishwa kwa kuuliza, kukosea au kupinga. Google nao, kwenye mradi walioupa jina la Aristotle ulioanza mwaka 2012, walichunguza timu zao takriban 180 wakitafuta nini kinazitofautisha, na hilo likatokea juu ya mengine yote.

Wahenga walishasema mficha uchi hazai. Naomba mchango wenu, hasa waliowahi kuongoza timu, maana mimi nimekaa zaidi upande wa kuongozwa.

#2 ChumaMoto

Mkuu, umeandika vizuri lakini sikubaliani nawe kikamilifu. Unataka kutuambia timu ikiwa na upole ndiyo inabuni? Kelly Johnson, mhandisi wa kampuni ya ndege ya Lockheed, hakuwa mtu mpole. Mwaka 1943 alikusanya kikundi kidogo, wakatengeneza ndege ya jeti XP-80 ndani ya siku 143. Kikundi hicho ndicho kikaja kuitwa Skunk Works. Alikuwa mkali kupindukia na kazi zilitoka. Nimefanya kazi na timu ambayo kila mtu anaogopa kumuudhi mwenzake. Vikao vinaisha kwa tabasamu, na bidhaa ni uji usio na chumvi.

#3 MfumaMsimbo (mwenye uzi)

ChumaMoto, hoja nzito na nakushukuru. Pengine sikueleza vizuri. Timu ya tabasamu unayoisema ni timu yenye hofu pia, ila hofu yake imevaa nguo nzuri. Mtu akishindwa kumwambia mwenzake “msimbo huu (maandishi ya programu) utavunjika” kwa kuogopa kumuudhi, habari mbaya imekwama, sawa tu na pale inapokwama kwa kuogopa bosi.

Kuhusu Johnson, soma kanuni zake 14. Moja inataka idadi ya watu wanaohusika na mradi ibanwe vikali, watumike wachache walio bora, asilimia 10 hadi 25 ya wale ambao mradi wa kawaida ungewatumia. Nyingine inataka ripoti ziwe chache, ila kazi muhimu irekodiwe kikamilifu. Kiongozi wa mradi anapewa mamlaka karibu kamili. Wachoraji walikaa jirani na mafundi. Mchoro ukiwa na kasoro, fundi anatembea hatua chache na kumwambia mchoraji, na mabadiliko yanafanyika siku hiyohiyo. Ukali ulikuwepo, nakubali. Lakini tazama urefu wa njia ya habari mbaya pale: ni upana wa chumba.

Ukali juu ya ubora wa kazi unasaidia. Ukali juu ya mtu aliyeleta habari ndio unaoua. Katika timu yangu ya pili msimbo wangu ulirudishwa mara nyingi kuliko wakati wowote maishani mwangu, na sikuwahi kudhalilishwa.

#4 BintiSeva

Naomba niongezee upande wa ukubwa na umbo la timu, maana naona wengi wanalichukulia kuwa ni suala la tabia tu.

Fred Brooks alisimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 pale IBM, na mwaka 1975 akaandika jambo ambalo mameneja wanalisoma halafu wanalisahau: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Watu 20, njia 190. Hakuna binadamu anayeweza kufuatilia njia 190, kwa hiyo zinawekwa ngazi, na kila ngazi ni mahali ambapo habari inaweza kupakwa sukari.

Kisha kuna Melvin Conway. Mwaka 1968 alichapisha hoja kwamba shirika likisanifu mfumo, mfumo huo utafanana na mawasiliano ya shirika lenyewe. Nimeliona kwa macho yangu. Tulikuwa na kundi la malipo na kundi la akaunti, viongozi wao hawakuwa wanasalimiana. Programu iliyotoka ilimtaka mtumiaji aingie mara mbili, nenosiri mara mbili, kwenye kurasa zenye rangi tofauti. Mtumiaji alikuwa anauona ugomvi wetu kwenye skrini yake. Tuliajiri mchoraji mzuri kurekebisha muonekano, hakufua dafu, kwa sababu ufa haukuwa kwenye muonekano. Ulipona siku makundi yale yalipounganishwa kuwa moja la watu 6 lenye jukumu moja: mtu aingie na alipe.

Kwa hiyo nikisikia kiongozi anahubiri uwazi huku amewagawa watu wake katika vyumba visivyozungumza, naona anaanza na mwisho.

#5 Mzee_wa_Ratiba

Wakuu, nasoma kwa makini. Mimi ni meneja, nina watu 9. Nakiri habari mbaya hunifikia zimechelewa. Lakini nami nina wa juu yangu wanaotaka tarehe. Nikiwapa vijana uhuru wote wa kujaribu na kutupa, nani atajibu tarehe ikifika? Je, shinikizo la muda si ndilo linalowafanya watu wawe wabunifu?

#6 BintiSeva

Mzee wangu, heshima yako. Teresa Amabile na wenzake waliwaomba watu 238 waliokuwa kwenye miradi ya ubunifu waandike shajara kila siku ya kazi, wakakusanya karibu maandishi 12,000. Siku zenye shinikizo kubwa la muda watu waliamini wamekuwa wabunifu zaidi, lakini shajara zilionyesha fikra bunifu zilipungua. Shinikizo halikudhuru sana pale watu walipoachwa watulie na jambo moja na kuamini umuhimu wake. Linaloharibu ni kukimbizana huku umekatwakatwa: kikao, ujumbe, dharura, kikao. Na kilichowapa watu nguvu kuliko vingine vyote kilikuwa kuona kazi yenye maana imesogea siku hiyo, hata kidogo.

Kwa hiyo tarehe weka. Ila linda saa zao.

#7 MfumaMsimbo (mwenye uzi)

Kwenye muda nina kisa ninachokipenda, cha gundi ya kampuni ya 3M. Mwaka 1968 Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali akapata dhaifu, inayoshika na kubanduka bila kuacha alama. Kwa kipimo cha alichotumwa, ameshindwa. Sehemu ambayo watu huiruka ni inayofuata. Silver hakuificha. Kwa miaka kadhaa alizunguka ndani ya kampuni akiwaonyesha wenzake gundi yake na kuuliza kama kuna anayeona matumizi. Mwaka 1974 Art Fry, aliyekuwa ameisikia, alichoshwa na vijikaratasi vilivyodondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo kanisani, akaikumbuka. Mwaka 1980 karatasi za Post-it, vile vijikaratasi vya kubandika na kubandua, zikasambazwa Marekani nzima.

Husimuliwa kama bahati. Mimi naona kampuni ambayo mtu aliweza kutembea miaka na kitu kilichoshindwa mkononi bila kuona aibu, na wengine wakawa na muda wa kumsikiliza. Tangu 1948 kampuni hiyo inawaruhusu wataalamu wake watumie asilimia 15 ya muda wao kwa mawazo yao wenyewe. Asilimia hiyo bila ile ruhusa ya kuonyesha kushindwa ingetoa watu 2 wenye siri 2.

#8 Mpinzani_Mstaarabu

Samahani nitawaharibia maelewano. Nadharia yako, mwenye uzi, ina tundu. Kodak, kampuni iliyoishi kwa kuuza filamu za kamera. Mwaka 1975 mhandisi Steve Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali ndani ya Kodak. Picha ya pikseli 10,000, ilichukua sekunde 23 kuirekodi kwenye kaseti. Hakuificha, aliwaonyesha wakubwa. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Habari ilipanda ngazi kama unavyotaka, wakubwa wakaisikia. Na bado mwaka 2012 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Xerox, watengenezaji wa mashine za kunakili karatasi, vivyo hivyo: kituo chao cha utafiti cha PARC kilitoa kompyuta ya Alto mwaka 1973, yenye kipanya na madirisha kwenye skrini, watu wakizungumza kwa uhuru mkubwa. Walionufaika nayo zaidi walikuwa wengine. Habari ilifika. Kisha nini?

#9 MfumaMsimbo (mwenye uzi)

Nimekaa na swali lako tangu jana usiku, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Uko sahihi. Habari kufika haitoshi. Nilichokuwa sikukiweka wazi ni kwamba kwenye timu yangu ya pili tulikuwa na mamlaka ya kuweka kitu mbele ya watumiaji halisi bila kuomba kibali kwa mtu asiyekigusa. Yule mchoraji alipopata wazo lake, siku iliyofuata lilikuwa kwa sehemu ndogo ya watumiaji. Kama tungelazimika kumshawishi mkubwa ambaye riziki ya idara yake inatoka kwenye ule utaratibu wa zamani, lingekufa kwa adabu kabisa, kama kamera ya Sasson.

Na tazama hapohapo PARC. Gary Starkweather alitengeneza printa ya leza, na hiyo Xerox iliiingiza sokoni mwaka 1977 ikiitwa 9700, ikawaingizia fedha nyingi. Kwa nini hiyo ipite na Alto ibaki? Printa ilikaa vizuri na biashara iliyopo, karatasi na wino. Alto ilidai kampuni iwe kitu kingine. Hapo hali ya ndani ya timu inafika mwisho wa nguvu zake na inaanza hali ya kampuni nzima. Sitaki kudanganya kwamba ukurasa wa wasiwasi ungeiokoa Kodak.

#10 Kimya_Kimya

Naandika mara ya kwanza humu, nilikuwa msomaji tu. Ninyi mnazungumzia kuogopa bosi. Mimi bosi wangu ni mtu mwema. Tatizo letu ni wenzetu wawili wenye maneno. Kikao cha saa moja, wao dakika 50. Si wabaya, wanajua kazi. Lakini sisi wengine 5 tumegeuka wasikilizaji, na vitu ninavyoviona kwenye seva navipeleka nyumbani.

#11 BintiSeva

Karibu sana, na usirudi kimya. Hilo lina utafiti wake. Anita Woolley na wenzake mwaka 2010 waliwapima watu 699 katika vikundi vya watu 2 hadi 5. Wastani wa akili wa wanakikundi ulieleza kidogo sana uwezo wa kikundi. Kilichoeleza zaidi ni jinsi watu walivyosoma hisia za wenzao na jinsi zamu za kuzungumza zilivyogawanyika. Vikundi vilivyotawaliwa na wasemaji wachache vilifanya vibaya.

Jaribuni hivi: kabla mtu hajafungua kinywa, dakika 7 kila mmoja aandike anachokiona. Kisha yasomwe yote, kuanzia la mgeni zaidi hadi la mkongwe. Mkongwe akisema kwanza, wengine watazungushia maneno yake tu. Sisi tulianza hivyo na mwanzoni wale wasemaji waliumia, tusifiche. Mmoja alidhani tunamlenga. Kiongozi alikaa naye faragha, yakaisha.

#12 ChumaMoto

Nimerudi. Nimesoma zile kanuni 14 jana. Nakubali kuhusu urefu wa njia. Bado nasema kiongozi asiyeweza kukata shauri anaharibu kuliko mkali. Timu yetu ilikuwa na uwazi wote mnaousema, kila mtu ana maoni, na tuliandika upya ukurasa wa mwanzo mara 4 kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema basi.

#13 MfumaMsimbo (mwenye uzi)

Hapo hatupingani hata kidogo. Kwenye timu ya pili kiongozi alisikiliza wote, kisha akaamua, kisha akaandika kwa nini ameamua hivyo na ni dalili gani ikionekana atageuza uamuzi. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ilitufanya tuendelee kuleta habari hata baada ya kushindwa hoja. Tulijua hasa ni habari gani anaingoja.

#14 Mzee_wa_Ratiba

Wakuu, nimerejea baada ya wiki 5. Niliahidi moyoni kwamba nitajaribu kabla ya kuandika tena.

Nilifungua ukurasa wa wasiwasi. Wiki ya kwanza haukuandikwa kitu. Wiki ya pili niliandika mimi wasiwasi wangu mmoja, mdogo, na mtu akaujibu. Leo ina mistari 11. Mitatu inasema kitu kimoja, kwamba majaribio ya programu yanachukua dakika 50 kila mtu anapobadilisha chochote, kwa hiyo watu wameacha kujaribu vitu vidogovidogo. Sikulijua hilo. Miaka 2 nimekuwa nikiwaambia wawe wabunifu, kumbe kila wazo lina foleni ya dakika 50. Tumetenga watu 2, sasa ni dakika 9, na wiki iliyopita niliona mambo matatu yakijaribiwa ambayo hayamo kwenye ratiba yangu.

Lakini kuna jambo halijaandikwa na mtu, na najua wote 9 wanalijua. Tarehe niliyowaahidi wakubwa haiwezekani. Vijana wanaikwepa kwa sababu ni ahadi yangu, nami sijaipeleka juu kwa sababu ileile iliyowafanya wale mameneja wa Nokia wanyamaze. Kikao ni kesho saa 3 asubuhi. Nimeshauandika mstari huo kwenye ukurasa, kwa jina langu, na nimewaomba wakubwa nafasi saa 5.

#15 Kimya_Kimya

Mzee, utuambie saa 6.